Bwawa Lilipojaa

Kabla bonde halijafunikwa na maji ya bwawa, ofisa wa uhamisho aliandika kwamba makaburi yote yameshahamishwa. Kaburi la mama yake Rula halikuguswa. Hakuna aliyeruhusiwa kufukua bila ofisa kuwepo, na siku waliyopangiwa, Rula na kaka yake walimngoja na majembe yao tangu asubuhi hadi jua likazama. Hakutokea. Wiki iliyofuata maji yalikuwa yamefika kiunoni.

Rula ni jina la kazini. Miaka mingi baadaye aliajiriwa kusoma ubao wa kupimia kina cha bwawa lile lile, na wenzake wakambandika jina hilo. Siku moja yule ofisa wa uhamisho akaingia ofisini kwake, mstaafu sasa, anatafuta pa kujenga. Hakumtambua. Aliuliza kwa upole kama maji yamewahi kufika kwenye mwamba mweupe, mahali alipopapenda kujenga.

"Tangu nianze kazi hayajafika, mzee," Rula alijibu.

Ilikuwa kweli, maana mvua za miaka hiyo zilikuwa haba. Bwawa likijaa, maji yangeupita mwamba kwa mita mbili. Hilo hakuulizwa.

Kaka yake, fundi wa malango ya bwawa, alimsihi akamwonye mzee wa watu. Rula hakwenda. Nyumba ikainuka, ikaezekwa vigae vyekundu, ikapata na baraza.

Mwaka wa tatu mvua ilinyesha bila kupumzika. Kila asubuhi Rula alisoma ubao huku akitabasamu. Ilipobaki nusu mita maji yafike mwambani, alipeleka notisi ya watu kuhama, kwani hakutaka roho ya mtu. Alitaka nyumba.

Alipokwenda kutazama, maji yalikuwa yamevuka kizingiti. Mzee alikuwa ameketi mteremkoni kati ya magodoro, analalamika kwamba hakuna aliyemwambia.

"Mama yangu yuko chini ya maji hayo," Rula alisema. "Wewe uliandika amehamishwa."

Mzee alimtazama sana. "Makaburi yalikuwa mia tatu, binti yangu. Nilichoka."

Rula alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Neno hilo dogo lilimchoma kuliko uongo.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akamjibu.

Mke wa mzee, ambaye hakuwa na kosa lolote, alimwomba ashike upande mmoja wa kabati. Rula akashika, wakalipandisha pamoja.

Baadaye kaka yake alimwuliza kama roho yake sasa imetulia. Alisema bado. Vigae vilikuwa bado vinaonekana juu ya maji, na yeye alikuwa anaomba mvua izidi.