Mbuzi wa Nguzo ya Ulaya

“Ulaya? Tangu Botagoz aondoke, mguu wangu haujakanyaga huko,” Sabit alisema, akasukuma bakuli lake la chai aongezewe. “Kila kitu ninacho huku Asia. Kazi, kinyozi, nyama ya farasi, na shemeji wa kunisumbua. Nivuke nikafuate nini?”

Maneno matamu, na ungeyaamini kama huujui mji wa Atyrau. Mto Jayik umeupasua mji ule kama mkate: ng’ambo ya magharibi ni Ulaya, ya mashariki ni Asia, na katikati kuna daraja ambalo hata paka hulivuka bila pasipoti. Watu huagana mlangoni, “Naenda Ulaya mara moja, nikuletee vitunguu?” Kukaa tangu vuli mpaka kiangazi bila kukanyaga Ulaya si jambo linalotokea hivi hivi. Lataka bidii.

Kulyash, mke wa kaka yake, alimmiminia chai bila kumtazama. Kwao mke hamtaji kwa jina ndugu wa mumewe, humtafutia jina la kwake, na Sabit alikuwa amepachikwa Mheshimiwa Mdogo.

“Sawa, Mheshimiwa Mdogo. Na Botagoz umemjibu?”

“Nimemjibu. Nimemwambia afanye apendavyo.”

Botagoz, mpenzi wake Sabit, alikuwa masomoni Poland. Chuo kilimwambia akitaka abaki miaka miwili zaidi, na jibu lilitakiwa kesho. Juzi alimwandikia Sabit: Nirudi au nibaki? Naye Sabit, ambaye mdomo wake huchekesha kijiwe kizima, alishindwa na neno moja.

“Afanye apendavyo,” Kulyash alirudia, kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi.

Kaka mtu, Yerbol, alikuwa na habari zake. “Mmesikia? Wamekuja wataalamu wa jiografia na ramani zao. Wanasema mpaka wa Ulaya si mto wetu, ni mto Emba, kule mashariki kabisa. Yaani sote hapa ni Wazungu. Nimelala Mwasia, nimeamka Mzungu, na mgongo unauma palepale.”

Kulyash alicheka mpaka akaweka birika chini. Sabit hakucheka.

“Upuuzi. Watu hawaji tu wakahamisha mpaka wa wenyewe.”

“Wewe unakuuma wapi?” Kulyash aliuliza. “Si huvuki?”

“Nasema tu.”

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Sabit ilikuwa fupi kama daraja. Siku ya kuondoka, Botagoz alimshika mkono hadi upande wa pili, kwenye kibanda cha nguzo nyeupe kilichoandikwa ULAYA. “Ukinikumbuka,” alimwambia, “vuka uje hapa. Tutakuwa tumekanyaga bara moja.” Sabit akajibu kwamba yeye si mbuzi wa kufungwa nguzoni. Botagoz akaondoka. Kesho yake alasiri, mbuzi akajipeleka mwenyewe.

Akazoea. Mto ulipoganda akavuka na masikio yanayowaka kwa baridi. Barafu ilipopasuka akavuka. Mbu walipokuja akavuka akijipiga makofi kama mwendawazimu. Husimama pale, mkono kwenye nguzo, akitazama upande jua linakozama, nyika imelala bapa bila hata kilima cha kumzuia mtu macho. Hujiambia ardhi hii aliyoikanyaga ndiyo hiyo hiyo, ukiifuata mwisho wake ni kizingiti cha Botagoz. Kisha humsimulia habari za siku, kwa sauti ndogo, na kurudi Asia kuwa mchekeshaji.

Leo alipofunga karakana ya matairi na kufika darajani, alimkuta mwanamume mwenye kofia pana akipiga picha kibanda. Mtaalamu mwenyewe.

“Aga,” Sabit alimwamkia kwa neno lao la kumheshimu mkubwa, “huu mpaka uacheni hapa.”

“Kwa nini, kijana?”

“Watalii. Wanaupenda.”

“Unafanya kazi ya utalii?”

“Natengeneza matairi.”

Yule bwana akamtazama, akatabasamu. “Mpaka wa Ulaya ni mapatano tu. Wengine wanasema mto huu, wengine Emba, wengine wana yao. Lakini ardhi yenyewe haina mshono. Kule ulikotoka na hapa uliposimama ni kipande kimoja, mpaka baharini.”

“Kwa hiyo mtu akiwa kitandani kwake, ng’ambo ile...”

“Amekanyaga hiyo hiyo. Hana haja ya kuvuka.”

Akaondoka na kamera yake. Sabit alibaki pale, na upepo wa nyika ukimpekua shati. Hana haja ya kuvuka. Basi safari zote zile zilikuwa za nini? Botagoz alimwomba neno la mdomo, yeye akamlipa kwa miguu, tena kwa siri. Na kesho Botagoz angejibu chuo kwa kulifuata lile neno lake la kijinga, apendavyo, angebaki, na Sabit angezeeka amekumbatia nguzo.

Akaishika. Ilikuwa na joto la jua.

“Botagoz,” alisema, “leo wametaka kutuhamishia bara. Mimi nilidanganya. Sitaki ufanye upendavyo. Nataka urudi. Chai haina ladha, vichekesho vyangu vimechacha, nakukumbuka mpaka nimekuwa mbuzi kweli. Rudi.”

“Mheshimiwa Mdogo.”

Aligeuka. Kulyash alikuwa nyuma yake, mkono mmoja kikapu cha samaki wa soko la Ulaya, mwingine umeinua simu juu kama taa.

“Hilo la mwisho rudia kidogo, shemeji,” alisema. “Upepo umelimeza, na huyu mwenzangu hakulisikia vizuri.”

Kwenye kioo cha simu, Botagoz alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, macho yakimetameta.

“Sabit,” alisema, “hebu kwanza niambie. Umesimama upande gani?”

Sabit alitazama chini. Miguu yote miwili ilikuwa Ulaya.