Mstari wa Chaki

New York nzima ilimjua Raisa Levitina kwa kile kikasha chake cha umeme kinachopigwa bila kuguswa. Mikono yake ilielea hewani mbele ya antena, na kikasha kikalia kama mtu. Lakini kina udhia mmoja: yeyote akikisogelea, mwili wake huipotosha sauti. Ndiyo maana Raisa alichora mstari wa chaki sakafuni, akamwekea mama yake kiti upande wa pili.

"Nimekuzaa mwenyewe, leo nazuiwa kwa chaki!" mama alizoea kulalamika. "Hata paka anapita!"

Adhuhuri moja, siku mbili kabla ya onyesho, Raisa alikuwa amefumba macho, anaipandisha sauti juu kabisa, mara ikateleza.

"Mama, rudi nyuma!" alifoka bila kufumbua macho. "Nikwambie mara ngapi?"

"Rayechka, mwanangu..."

"Kiti chako unakijua!"

Sauti ikatulia. Raisa akaupiga wimbo mpaka mwisho, akajisifu moyoni, maana hajawahi kuupiga vizuri vile. Alipogeuka, mama alikuwa kitini, kiganja kifuani, hana pumzi.

Mazishini watu walimpongeza. "Umemfaa mama yako! Amekata roho akisikiliza muziki wako."

Machoni mwa Raisa mlikuwa na viatu vya mama, vimepangwa sawasawa nyuma ya mstari, na chaki haikufutika hata kidogo.