Jiwe la Darini kwa Truphena

Marcella alimwamini Nyamweya, na kosa lilianzia hapo. Lakini nani asingemwamini? Tangu mwaka wa tisini na nne walikaa meza moja katika chumba cha kupanga pale sokoni Ndhiwa, wakisajili, kwa mradi wa makumbusho, zana za mawe za watu wa kale: vichwa vya mishale, vikwaruzo vya ngozi, visu visivyo na mpini. Marcella alipaka jiwe kyuteksi, ile ya kucha, isiyo na rangi, Nyamweya akaandika nambari juu yake kwa wino mweupe, kisha Marcella akaifunika kwa kyuteksi tena. Jiwe likishapata nambari ni mali ya makumbusho, halirudi kwa mtu hata awe chifu. Marcella mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni sheria hiyo.

Sasa, mama mkwe wake, Truphena, alikuwa na kichwa cha mshale cha jiwe jeusi, linalong'aa kama chupa. Marehemu mumewe aliliokota akilima, akalichomeka darini, na tangu siku hiyo radi ilipiga kwa majirani ikairuka nyumba yao. Cheka ukitaka. Truphena aliwahi kuona ng'ombe wa jirani wamelala miguu juu baada ya mvua, wala hakucheka.

Nyamweya aliposikia habari za jiwe hilo hakutulia.

"Shemeji, nilichore tu, nilipime, jioni unarudi nalo. Haki ya Mungu!"

Msabato mzima, akaapa! Truphena alikataa katakata, mpaka Marcella alipojitia mdhamini. "Mama, nitalirudisha kwa mkono huu."

Akalipeleka. Nyamweya alilichora vizuri, Marcella akatoka kuteka maji ya kuosha trei. Aliporudi, jiwe lilikuwa na nambari tumboni, kyuteksi ikiwa bado mbichi.

"Nyamweya, umefanya nini?"

"Jiwe kama hili halipatikani huku, shemeji. Limetoka mbali, Bonde la Ufa. Likae kwa nyasi za nyumba ya mama mzee? Ningekuomba, ungekataa."

"Uliapa!"

Nyamweya akageuza uso. Marcella alinyakua dawa ya kufutia kyuteksi, lakini mlango ukafunguka, akaingia Liz, mkuu wa mradi. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye jiwe.

"Hii imetoka wapi?"

"Kando ya mto," Nyamweya akajibu bila kupepesa macho. "Marcella ndiye aliyeliokota."

"Hongera, Marcella! Jina lako litaandikwa."

Marcella angesema ukweli, watu wa mradi wangeenda kumhoji mkwewe kana kwamba ameficha mali ya serikali. Aliirudisha chupa ya dawa mezani, akamchukia Nyamweya.

Jioni alimkuta Truphena mlangoni pa nyumba yake, mawingu yamejikusanya upande wa ziwa. Alimweleza yote bila kuficha.

"Wameandika nani aliokota?" Truphena akauliza.

"Mimi, mama."

"Si mzee wangu?"

"Si mzee."

Mvua ikaanza. Kwa desturi ya Waluo mama halali nyumbani kwa mwanawe, kwa hiyo Truphena hakuwa na pa kukimbilia. Marcella alisogea aingie akae naye mpaka radi zipite. Mama mzee akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango kumzuia, akamwita kwa Kiluo binti wa kwao Rangwe, kama mgeni.

"Nyar Rangwe, rudi kwako. Huyo mtu wa mawe mimi simjui. Jiwe nilikupa wewe."