Tambara la Saba

Saa sita mchana injini mpya ilikuwa imekaa mahali pake. Ilikuwa mpya kwa lugha ya karakana tu: ilitoka kwenye lori lililopinduka, lakini silinda zake zilikuwa nzima. Ile ya zamani, iliyofanya kazi miaka kumi na tisa mpaka ikawa inakula oili kama maji, ilikuwa kando ya ukuta juu ya matairi mawili. Ilipotolewa, dereva aliifunika kwa turubai la mizigo bila kuambiwa, kama mtu anavyofunika maiti.

Fundi alikuwa mume wa dada yake. Walikuwa wamefanya kazi siku nne, wawili tu, na maneno yalikuwa yamewaishia jana.

Saa tisa lori lilitakiwa ghalani kupakia saruji, mwendo wa saa moja. Msimamizi wa ghala alikwisha kusema: likikosekana tena, njia ile ya saruji inakwenda kwa lori jingine. Dereva hakuwa na njia nyingine.

Saa saba na nusu, mabomba yote yakiwa yameunganishwa, alishika ufunguo. "Nipige?"

"Ngoja nihesabu."

Kila tundu alilolifungua, fundi aliliziba kwa tambara ili mchanga usiingie. Matambara yalikuwa saba, yote yamekatwa kwenye pazia moja jekundu la mkewe. Kabla ya kuwasha, aliyapanga juu ya bampa. Yalikuwa sita.

Walitafuta mifukoni, kwenye kisanduku cha spana, chini ya kiti, ndani ya beseni la oili chafu.

"Litakuwa limepeperuka," dereva alisema.

"Upepo uko wapi?"

"Shemeji, ungekuwa daktari, mgonjwa angekata roho unahesabu pamba."

"Angalau asingezikwa nazo tumboni." Fundi alikwisha kuchukua spana. "Injini ikimeza kitambaa, tutatoa ya pili wiki hii. Shika taa."

"Na usiniambie haraka haina baraka."

"Nimesema kitu?"

Walifungua bomba la hewa, nati moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa mahali ambapo spana huzunguka robo tu kisha hugonga chuma. Fundi aliingiza vidole katika kila tundu, akamulika, akaingiza tena. Hamkuwa na kitu. Walirudisha kila kitu.

Injini iliwaka kwa mara ya kwanza, ikatulia, bila moshi. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Dereva alipiga simu ghalani. Alisikiliza kidogo, akasema "sawa" mara mbili, akakata.

"Wamempa nani?" fundi aliuliza.

"Yule wa lori la bluu."

Alikwenda ukutani kuchukua turubai lake. Mzigo wowote utakaopatikana ungehitaji kufunikwa. Alilivuta, akasimama.

"Shemeji, njoo."

Katika mdomo wa injini ya zamani, pale hewa ilipokuwa ikiingia, tambara jekundu lilikuwa limesokomezwa vizuri, kingo zimekunjwa ndani.

Fundi aliliangalia. "Mkono umezoea," alisema.

"Umeikinga na mchanga injini iliyokufa."

"Nawe ukaifunika."

Dereva alilikunja turubai mara mbili, mara nne, akalitupa juu ya lori. Fundi alinyoosha mkono kulichomoa tambara.

"Liache," dereva alisema, akapanda kuzima injini.