Uyoga wa Waliosoma Mpaka Mwisho

Jumapili moja baada ya misa, Faustina Kalinga alikuwa ameketi barazani kwao, kijijini Mhagala mkoani Iringa, akisafisha uyoga wa manjano kwa kisu kidogo. Kila alipomaliza mmoja aliuweka juu ya kanga nyeusi, akaupiga picha kwa simu, ndipo akampa mama yake. Maji ya kupikia yalikuwa yameshachemka.

"Tunakula au tunapiga picha?" aliuliza mama Benedicta.

"Vyote, mama."

Riziki ya Faustina ilikuwa kushona sare za shule, na uyoga ulikuwa raha yake. Alikuwa na blogu, Uyoga wa Kwetu, na humo aliandika yote aliyofundishwa na mama yake katika mlima Kidegemba: upi huliwa, upi huua, upi hutangulia mvua zinapoanza. Aliandika vizuri, na anayebisha akasome. Taabu ni kwamba watu walifungua, wakachungulia, wakaondoka kama waliokosea mlango.

"Kizuri chajiuza," mama alimtuliza.

Kaka yake, Clement, aliyeuza simu Soweto, Mbeya, hakukubali. "Siku hizi hata kizuri kinajitembeza, dada," alimwambia kwenye simu. "Weka kichwa cha habari chenye moto. Posti siku ile ile kila wiki, watu wazoee. Mtu akikoment, mjibu. Halafu kitamu usikimwage mwanzoni, kiache mwishoni kabisa."

Faustina alifuata. Siri ya kupika uyoga kwa karanga aliisogeza hadi aya ya mwisho. Wasomaji wakaongezeka, na mvua za Januari ziliposhika kasi, uyoga ukaanza kuota kwa wasomaji. Haukuota kwa kila aliyefungua, bali kwa aliyesoma mpaka mstari wa mwisho. Muuguzi mmoja wa Tosamaganga aliukuta kando ya kitanda chake. Dereva wa lori aliyekwama Uyole akisubiri tairi aliuvuna kwenye zulia la kebini, akaukaanga na kitunguu. Waliandika kumshukuru na kuuliza kama unafaa kukaushwa. Faustina alimjibu kila mmoja kwamba unafaa, mradi jua liwe kali.

Clement naye alisifu kila makala. "Dada, ya wiki hii imetulia sana!" Nyumbani kwake haukuota hata mmoja. Faustina hakumwambia kitu, maana ndugu ni ndugu.

Mwezi wa pili, mama Benedicta alirudi kutoka mlimani na kikapu nusu na habari mbaya. Mlima wote ulikuwa umezungushiwa mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Kamati ya ardhi ilitaka kuukabidhi kwa kampuni ya misonobari. Uyoga wa manjano huishi na miombo tu, miti ya asili ya mlima huo. Ukikata miombo umeumaliza, na hakuna duka linalouza mbegu yake. Mlima huo ndio uliowalisha watu wa Mhagala kila mwaka, mahindi ya ghalani yalipokwisha na ya shambani hayajakomaa. Faustina aliogopa, akaogopa kweli, hata cherehani ikamshinda.

Aliandika makala ndefu kuliko zote. Clement alimwonya kwamba ndefu hufukuza watu, lakini Faustina hakukata hata neno. Mwishoni, pale pa kitamu, aliandika juu ya mwaka aliofariki baba yao, jinsi mama alivyowalea masika nzima kwa kilichotoka Kidegemba. Kisha akamtumia kila mjumbe wa kamati.

Uyoga ukaota katika ofisi ya kamati kuanzia mlangoni hadi nyuma ya makabati. Mwanamke aliyefagia pale ndiye aliyemletea Faustina habari, pamoja na mfuko uliojaa.

"Wamesoma, mama! Wote, mpaka mwisho!" Faustina alilia kwa furaha.

"Basi watatuachia mlima wetu," mama alisema, akaenda kuteka maji.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti wa kamati, bwana Eliezeri, alisimama mbele akiwa na uyoga kwenye bega la koti, kwenye kola, na mwingine mkubwa juu ya kiatu cha kulia.

"Ndugu wananchi," alisema, "kamati haikupata taarifa yoyote kwamba mlima huu una matumizi kwa kijiji."

Mama Benedicta alinyoosha mkono, akamsalimu kwa lugha ya nyumbani. "Kamwene, baba. Samahani, huo wa kwenye kiatu umeshakomaa."

"Chukua tu, mama," alijibu bwana Eliezeri, akainua mguu.

Mama aliuchuma. Wanawake wengine nao wakasogea kwa adabu, na mwenyekiti akageuka kidogo ili wafikie wa mgongoni, huku akiendelea kusoma uamuzi. Mlima ulikwenda kwa kampuni.

"Mwenyekiti, makala yangu mliisoma?" Faustina aliuliza.

"Makala ipi?" alisema bwana Eliezeri, akijipangusa kola.

Miombo ilikatwa kabla ya kiangazi kwisha. Sasa Kidegemba ni misonobari mitupu, imepangwa kwa mistari, na chini yake hapaoti kitu cha kuliwa. Mvua zikianza, wanawake wa Mhagala huchukua vikapu na kwenda ofisini kwa kamati. Wafanyakazi huinua miguu bila kuacha kazi. Mezani kwa bwana Eliezeri ndiko kwenye uyoga mwingi zaidi, na siku moja alimwita Faustina kando, akamuuliza kwa sauti ya chini lini ataandika tena.

"Jumapili," alimjibu, kwa heshima ile ile anayompa kila msomaji.

Njiani mama Benedicta alimtazama bintiye, aliyekuwa anatembea kifua mbele na kikapu kichwani.

"Huna hasira, mwanangu?"

"Ninayo, mama, tena inanichoma. Lakini niambie, ni blogu gani nyingine Iringa hii yenye wasomaji kama wale? Ofisi nzima, mama, na hakuna hata mmoja aliyeishia katikati."