Watu Sita Wenye Kurukwa

Orodha ilitoka Beni asubuhi, katika simu ya shemasi Gamaliel: majina arobaini na saba ya watu waliouawa kwenye mashamba ya kakao na kuzikwa pamoja. Kila jina na umri wake. Huku Bulengera kanisa lote lilingoja. Koko Kahongya, bibi muzee, alingoja kuliko wote, maana dada yake Anne-Marie alikuwa analima kule, na simu yake ilikuwa imenyamaza siku tatu.

Christa, mujukuu wake mwenye kusoma informatique, aliipanga ile orodha kwa ordinateur, ile kompyuta yake, kwa lugha ya mashini yenye wanaita Java. Karatasi ikatoka, shemasi akaisoma. Wenye kusikia mutu wao walienda kulia. Anne-Marie hakutajwa.

"Mungu iko!" mama mumoja akapiga vigelegele. "Koko, ule jogoo wako hatalala kwako leo, atalala kwa sufuria!" Wimbo ukaanza, wengine wakaudaka.

Kahongya hakuimba. Aliingia ndani na ile karatasi, akapitisha kidole kwenye mistari, polepole, kama mutu anayechambua maharagwe. Akarudia.

"Christa, hapa iko batu arobaini na moja."

"Hapana, Koko. Macho yako ilishachoka."

"Macho ilichoka, kidole hapana. Ile mashini yako inafanyaka namna gani?"

Christa akaeleza. Mashini inapita kwenye orodha, na kila umri inauuliza: weye ni nambari, ao ni maneno? Ikiwa nambari, inamwandika mutu. "Ikiwa maneno, inaruka. Bila vile, programme ingekufa katikati."

"Donc iliruka batu."

"Mais Koko, nani anaandikaka umri kwa maneno?"

"Sisi bazee. Hatuna tarehe. Ukiuliza majirani miaka yetu, watakuambia tu kitu chenye kilitokea siku tulizaliwa."

Christa alirudi kwa ordinateur. Akaongeza jibu la pili: ikiwa maneno, andika vilevile.

Wakatoka sita. Wa nne: Anne-Marie, alizaliwa wakati wa nzige.

Kahongya aliweka kiganja juu ya lile jina, akakiacha pale. Inje wimbo ulikuwa umefika kwenye makofi.

"Koko, niende nibaambie banyamaze?"

"Ngoja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisomee kwanza bale batano. Benye kubangoja bako palepale inje, banaimba pamoja na bengine."