Jiko Liligoma Mbele ya Mama Mkwe

Tangu Zawadi ajifungue, Gharibu alikuwa akitamba Kibiti nzima: mke wangu haendi kwao, arobaini yake ataimalizia kwangu, nina jiko la umeme lisilo na moshi. Bi Siti, mama mkwe wake, aliyetoka Mtawanya kuja kumwangalia mzazi, akatoa sharti moja. Uji wa mzazi uive humu kabla ya adhuhuri. Usipoiva, anaondoka na binti na mjukuu. Bajaji akaiita kabisa, ikasubiri mlangoni.

Jiko likagoma. Kila sufuria ikitengwa, linalia pii, pii, kisha linazima.

"Lina shetani," Bi Siti alisema.

Gharibu alikuwa amekwama ukumbini, maana mkwe mwenye haya zake habanani jikoni na mama mkwe, wala hamkosoi usoni. Akampakata mwanawe. "Mwanangu, mwambie bibi yako achomeke upande wa pili wa ekstensheni."

"Mjukuu wangu, mwambie babako nimeshachomeka kote."

"Basi mwambie ajaribu chaja ya simu." Simu ikaingia chaji. Jiko, wapi! Mjumbe naye akajikojolea.

"Jamani, nina njaa!" Zawadi akafoka chumbani. "Mnajadili jiko na mimi nimetoka kuzaa!"

Gharibu akaingiwa na hofu ya kweli ya kulala peke yake. Ndipo akakumbuka aliyemuuzia jiko kule Ikwiriri alivyomweleza habari za sufuria zinazoshika sumaku, naye akawa anaitikia tu asionekane mshamba. Haya akaziweka kando. Akaingia jikoni, akang'oa sumaku kwenye spika mbovu, akaibandika kwenye sufuria ya alumini. Ikaanguka. Akaijaribu kwenye kaango la chuma la samaki. Ikang'ang'ania kama kupe.

"Tatizo sufuria, mama. Jiko hili linataka chuma."

Akamimina uji kaangoni. Ukachemka upesi, ukinukia samaki changu wa juzi.

Bi Siti akaonja, akampelekea binti yake bakuli, akarudi akijifunga kanga kiunoni. "Kumbe jiko zima!" alisema kwa furaha. "Na mimi Mtawanya umeme ninao, moshi wa kuni ndio unaniua. Lifungashe, baba, tunaondoka nalo."

"Lakini mama, uji si umeiva?"

"Uji? Huu mchuzi."

Gharibu akafungua mdomo abishe. Kilichotoka ni, "Sawa, mama."

"Mume wangu," Zawadi aliita kutoka chumbani, mdomo umejaa, "usisahau na ekstensheni!"